Eti "Mkenya hapa alibeba karai tu"! Huyu jamaa leo amenifikisha

Wanakijiji, naandika nikiwa bado kwenye matatu na mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa kofia ya majani na kifimbo, anayezungusha watu mjini kila Jumamosi akiongea kana kwamba Nairobi ilidondoka kutoka mfukoni mwake. Jina simtaji, na hamhitaji nimtaje.

Leo nilimpeleka baba KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa katikati ya Nairobi. Ana miaka 77, goti moja halikunji. Alikuwa seremala pale, na tangu jengo limalizike mwaka wa 1973 hajawahi kurudi kama mgeni. Alivaa koti alilovaa kwenye harusi yangu. Tumesimama uani karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi, baba anatazama juu, hasemi kitu. Ndipo huyo bwana akafika na wanafunzi wake, akapaaza sauti ambayo nina hakika Machakos waliisikia: "Hili jengo ni la Mzungu, kuanzia wazo hadi msumari. Mkenya hapa alibeba karai tu."

Alibeba karai tu! Watoto wakacheka.

Baba akavua kofia, akamwambia kwa upole, "Samahani kijana, mimi nilifanya kazi hapa..." Hakumaliza. Akajibiwa, "Mzee, mambo ya historia tuachie sisi tuliosoma." Mbele ya watoto wa watu. Baba akarudisha kofia kichwani.

Haya basi, msomi. Mchoro wa KICC ni wa watu wawili: Karl Henrik Nøstvik wa Norway, na David Mutiso, Mwafrika wa kwanza kuwa msanifu mkuu wa majengo wa serikali yetu. Nøstvik apewe haki yake yote, sina ugomvi naye. Lakini unamfutaje Mutiso mbele ya watoto ambao pengine mmoja wao angetaka kuwa Mutiso? Kazi ilianza 1967, na mwanzoni yalikuwa yawe makao makuu ya KANU, chama kilichokuwa kinatawala. Halafu ikajulikana Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa watakuja kukutana Nairobi Septemba 1973, na jengo likakuzwa, likawa la mikutano ya ulimwengu. Mnara ukafika ghorofa 28, mita 105. Kwa miaka mingi hakuna jengo hapa mjini lililoupita.

Na ule ukumbi wa duara wenye paa la kuchongoka, hebu nendeni mkauangalie kwa macho yenu. Ule ni msonge! Ni nyumba ya kina nyanya zetu iliyokuzwa mpaka ikakalisha wajumbe, na rangi yake ni ya udongo wa kwetu. Mzungu hakuja na msonge kwenye sanduku.

Zege halina umbo, wandugu. Zege ni uji. Linakaa vile mbao zilivyoliambia likae. Kwenye karatasi, duara ni mstari tu. Seremala ndiye anayekata vibao vyembamba, avipange kimoja kimoja mpaka vikubali kupinda, avikaze visipasuke uzito ukija, halafu zege likishashika abomoe kazi yake mwenyewe. Ndiyo maana humwoni ukipita. Baba bado ana kovu kwenye kidole cha kati kutoka pale.

Na hata hao wa karai, kwa nini iwe "tu"? Beba karai la zege begani upande ngazi ghorofa mbili uone kama utabaki na pumzi ya kumcheka mtu.

"Tuachie sisi tuliosoma." Nimeisikia njia nzima tangu kituo cha matatu cha Kencom. Noti zote mpya za 2019 zina picha ya hilo jengo, kwa hiyo huyo mtu kila akilipwa anakunja kazi ya baba yangu na kuitia mfukoni. Nataka aje amwombe baba msamaha. Uani palepale, kwa sauti ileile.

Kobe wa Rongai: Hekaya ndefu, picha hakuna. Nani anipe kwa kifupi? Niko kwenye jam.

Shosho Mkali: Kwa kifupi, mzazi wa mtu amevunjiwa heshima. Pole sana mwanangu. Huyo kofia ya majani alishatupita mtaani kwetu Kaloleni akasema hakuna cha kuona. Ukumbi wetu! Kina Tom Mboya walihutubia watu pale kabla ya Uhuru, yeye anaona mabati tu.

Msomi Baridi: Mleta uzi, kwani babako alijenga peke yake? Mimi nilinywa soda hapo 2009, nidai hisa?

Mleta uzi: Msomi Baridi, wewe ndiye ulikuwa unacheka pale uani, nakujua kwa harufu. Sijasema peke yake. Nimesema HAKUBEBA KARAI TU. Alimkatiza mzee wa miaka 77!

Kobe wa Rongai: Mimi hilo jengo naona gunzi la mahindi.

Binti Pumwani: Gunzi ni kichwa chako. Lakini na Bunge je? Mnara wa saa ulichorwa na Amyas Connell miaka ya 1950, mbona hakuna anayeulilia huo?

Tofali Moja: Kwa kuwa mmetaja karai: kuna mkandarasi Ruaka hajatulipa wiki tatu. Kila Jumamosi "njooni Jumatatu". Mimi ndiye mbeba karai, na sina hata nauli.

Shosho Mkali: Wiki tatu? Mshtakini kwa chifu.

Fundi Njenga wa Pili: Chifu gani, bana. Bomoeni boksi, zile mbao za kushikilia zege, mwende nazo. Mimi nilifanya hivyo, nikalipwa jioni ileile.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwa baba. Amefika nyumbani, amekataa chakula.

Tofali Moja: Mbao zenyewe zimeshachakaa, nani atanunua?

Kobe wa Rongai: Jam imeachilia. Mimi nahitaji mbao za boksi, nina kamsingi Ngong. Ni saiprasi?

Tofali Moja: Saiprasi, futi kumi na mbili. Zimemwagiwa mara mbili tu.

Kobe wa Rongai: Bei?