Mgeni wa opera na kwaya ya mtaa: nani achague wimbo?

Wana jukwaa, naomba tujadiliane bila matusi. Hapa Walukuba, Jinja, Uganda, kwaya yetu ya mtaa imepata mgeni, mama mmoja mwimbaji wa opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) kutoka Ulaya. Anatufundisha jioni tatu kwa wiki, bure, na mwisho wa mwezi huu anataka tuimbe naye hadharani. Ugomvi ulianza Jumatano alipogawa orodha ya nyimbo. Nyimbo tisa: saba za Kiitaliano na Kijerumani, moja ya Kiingereza, moja ya Kiganda ya kufungia. Nyimbo za Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa imani yao, ambazo majira haya huwa tunazinoa kwa ajili ya siku yao, tarehe 3 Juni, kule Namugongo, hamna hata moja. Waimbaji wawili wa bezi, sauti nzito ya chini, walikunja karatasi wakaenda zao.

Mimi nasema mgeni abaki, orodha ibadilike.

Nianze kwa kumtetea. Nimeimba sauti ya tatu miaka 14 na sikujua kwamba naimba kwa koo. Alinilaza chali sakafuni, akaniwekea kitabu cha nyimbo tumboni, akaniambia nipumue mpaka kitabu kiinuke, mabega yatulie. Wiki ya pili nilimaliza mazoezi bila kukohoa. Opera ilianza Italia karibu na mwaka 1600, hakuna maikrofoni wala umeme, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kujua namna ya kuivusha sauti juu ya fidla na tarumbeta zote zile. Sisi tuna kanisa la watu mia mbili, spika nne, na kila mtu anapiga kelele ili ajisikie mwenyewe! Bibi zetu waliimba uani, na nyumba ya kumi ikasikia. Hilo tumelipoteza wenyewe, hakuna mzungu aliyetunyang'anya.

Kiitaliano nacho si cha kutisha. Maneno yake mengi yanaishia na irabu kama yetu, yanateleza tu. Kinachotukwaza ulimi ni Kiingereza.

Sasa ubaya ulipo. Wimbo wa Kiganda ameupanga yeye, na neno lilikuwa okusiima, kushukuru. Mahali pa irabu ndefu ameweka noti fupi, likasikika okusima, kuchimba. Jioni nzima tukamchimba Mungu badala ya kumshukuru, na mama mmoja wa sauti ya pili alicheka mpaka akatoka nje. Mgeni akadhani tumechoka.

Leteni maoni.

Mchangiaji wa Mbale

Ndugu wa Jinja, umeijenga hoja yetu vizuri halafu ukahamia upande mwingine. Nikuulize: mwalimu wenu wa kwaya, huyo aliyewafundisha solfa (do, re, mi) kabla ya mgeni kuja, analipwa nini? Huku kwetu wa kwetu anapewa nauli ya boda, tena akikumbusha. Mgeni anafundisha bure kwa sababu yupo anayemlipia huko alikotoka. Mwalimu wetu anafundisha bure kwa sababu hayupo wa kumlipa. Usiziite bure hizo mbili kwa jina moja.

Halafu mwaka 1966 jeshi liliposhambulia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, wapigaji ngoma wa ikulu walitawanyika na ngoma zikapotea. Entenga, ngoma za ikulu, ni ngoma 15, na 12 kati yake zimelinganishwa sauti kama amadinda, marimba ya Kiganda. Kijana wa leo wa Mbale au Jinja atajifunza kwa nani? Ukumbi wa opera unapatikana wiki moja, ukumbi wa entenga mpaka uandike barua tatu. Mimi sina chuki na huyo mama. Nina chuki na foleni aliyorukishwa.

Mchangiaji wa Kampala, mwalimu wa muziki

Mnaongea kana kwamba muziki wa Ulaya umeshuka Entebbe juzi. Wimbo wa taifa tunaosimama wima kuuimba tangu 1962 aliutunga George Kakoma, na alikuwa amesomea muziki Uingereza. Joseph Kyagambiddwa aliandika oratorio nzima, utunzi mrefu wa kidini wa kwaya, ya Mashahidi wa Uganda kwa misingi ya muziki wa Kiganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964, mwaka uleule waliotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza naye kazi yake ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la wapiga fidla wanne la Marekani, albamu ikatoka 1992. Hapo wao ndio waliokaa chini wakahesabu midundo yetu.

Kwa hiyo, ndugu, usiende kwa mgeni na malalamiko. Mpelekee nyimbo za Kyagambiddwa. Mwambie: haya, mama, na wewe ufundishwe. Akikataa, wale bezi wawili walikuwa sahihi.

Mchangiaji wa Bombo

Mnagombana kwa Kiswahili, naamini hata mazoezi mnafanya kwa Kiswahili, na katika nyimbo tisa hakuna wa Kiswahili. Katiba imekiita lugha rasmi ya pili tangu 2005. Kumbe ni rasmi kwa kugombania tu.

Mwanzilishi wa mada

Mzee wa Bombo, umenikamata, sina la kujitetea.

Jana jioni tulikwenda kwa mgeni, mimi na mwalimu wetu. Mwalimu hakuimba. Alisoma maneno ya Kiganda polepole, mgeni akitia alama za penseli juu ya kila irabu ndefu. Mgeni alirudia okusiima mara kumi na moja, nilihesabu. Kisha akauliza kwa nini hatukumwambia siku ileile. Tukatazamana. Ukweli ni kwamba tuliona haya kumsahihisha mgeni, tukaona heri kumcheka kando, na hilo si kosa lake.

Orodha mpya: tatu za kwake, mbili za Mashahidi, moja ya Kisoga, lugha ya hapa kwetu, mbili za Kiswahili. Kyagambiddwa bado tunatafuta noti zake. Mwalimu wa Kampala, kama unazo, wapi tutume mtu azichukue? Na mwalimu wetu ndiye atakayeongoza, mgeni atasimama kwenye mstari wa sauti ya kwanza.

Bezi mmoja amerudi. Wa pili anasema atarudi akisikia mwalimu analipwa ngapi, na dada wa Mbale, hapo kamati imekaa kimya. Nilipendekeza kiingilio cha shilingi 2,000 na nusu iwe yake. Mweka hazina anasema watu wa Walukuba hawalipi kusikiliza majirani zao.