Fremu ya kaboni ya mtumba, au nibaki na alumini?

Wakuu, naombeni ushauri. Naendesha baiskeli ya alumini, tairi za upana wa milimita 25, mwaka wa 4 sasa. Kila Jumamosi alfajiri natoka Mbezi Beach hadi Bagamoyo na kurudi. Nikifika Bunju vidole vya mkono wa kulia vimeshakufa ganzi kwa mtetemo. Nimepata fremu ya kaboni ya mtumba, natumaini itapunguza mtetemo; hela yake nimejinyima miezi 7. Ila karibu na ekseli ya pedeli kuna mstari mwembamba kama unywele. Muuzaji anasema ni rangi tu. Nichukue?

Fundi, Kinondoni:
Usitoe hela kwanza, mkuu. Igonge taratibu kwa sarafu, anzia sehemu nzima ukielekea kwenye mstari. Mlio ukibadilika, ukawa mzito, kuna uwezekano nyuzi za kaboni za ndani zimeachana. Alumini ikipigwa hubonyea ukaona kwa macho. Kaboni inaweza kuficha jeraha.

Mama wa Kigamboni:
Pole kaka. Kabla ya fremu, jaribu tairi za 28 kama zinaingia, na upunguze upepo kidogo. Mimi hilo ndilo lililoniponya mikono.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Nimegonga mwenyewe: ti, ti, ti, halafu pale kwenye mstari ikalia kama kadibodi. Nimeiacha, na imeniuma. Tairi za 28 zimeingia. Jumamosi nimefika Bagamoyo nikafungua chupa ya maji kwa mkono uleule wa kulia.