Kamera yangu ya kwanza ya DSLR: kwa nini picha za ndani zina ukungu na nyuso zinatoka nyeusi?

Chipukizi wa Picha aliandika:

Ndugu zangu, nawasalimu. Huu ni mwezi wa kwanza tangu nipate kamera yangu ya kwanza ya DSLR (ile yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa), niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na lenzi ya 18-55mm (18mm huchukua eneo pana, 55mm huvuta karibu) ambayo kwa kawaida huuzwa pamoja na kamera za aina hii. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipiga picha kwa simu, na niliamini kabisa kwamba siku nitakapoishika kamera halisi, picha zangu zingekuwa nzuri zaidi papo hapo. Mambo hayakuwa hivyo, na ndiyo maana naleta shida zangu kwenu.

Shida ya kwanza ni ya mpwa wangu mwenye umri wa miaka minne. Kila jioni anapocheza sebuleni najaribu kumpiga picha, na karibu zote zinatoka na ukungu, ilhali simu yangu katika chumba hichohicho na kwa taa hiyohiyo hutoa picha iliyotulia. Shida ya pili ni ya bibi yangu, ambaye hupenda kuketi mbele ya dirisha lenye pazia jeupe. Ninapompiga picha mchana, pazia hutoka vizuri na kila mkunjo wake unaonekana, lakini uso wake huwa mweusi kiasi kwamba macho hayaonekani. Shida ya tatu ni kwamba nimesoma mahali pengi kuwa mpiga picha wa kweli hutumia modi ya M peke yake, ile ambayo unapanga namba zote mwenyewe, nami nimeing'ang'ania tangu siku ya kwanza, lakini kila ninapomaliza kurekebisha namba zote, mtoto amekwisha kuondoka. Je, kosa liko kwenye kamera, kwenye lenzi au kwangu mimi?

Mwanga wa Asubuhi alijibu:

Karibu sana, ndugu Chipukizi. Kwanza uondoe hofu kuhusu kamera, kwa kuwa dalili ulizozitaja zote zinaelezeka bila kuwapo kitu kilichoharibika. Hata hivyo, kabla ya kutafuta dawa inabidi tuujue ugonjwa, kwa maana ukungu wa picha una vyanzo vitatu tofauti, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Ifungue picha moja kwenye kompyuta na uikuze mpaka uzione kope za mtoto, kisha utafute kitu chochote ndani ya picha ambacho hakikusogea, kama vile mguu wa kiti. Ikiwa kila kitu, pamoja na kiti, kinaonekana kama kimevutwa kuelekea upande mmoja, basi mikono yako ndiyo iliyotikisika. Ikiwa kiti kimetulia lakini mikono ya mtoto imeacha kivuli nyuma yake, basi mtoto ndiye aliyesogea wakati shata, yaani kimlango kinachopitisha mwanga ndani ya kamera, ikiwa wazi. Na ikiwa mtoto ni laini kama aliyefunikwa na kioo chenye mvuke, bila dalili ya kuvutwa, huku kitu kingine kilicho mbele au nyuma yake kikiwa dhahiri, basi fokasi, yaani mahali lenzi inapolenga ili paonekane dhahiri, ilikwenda pasipotakiwa.

Kila picha huhifadhi pia taarifa za jinsi ilivyopigwa, nazo ni kasi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi (namba ya f; ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na urefu wa lenzi uliotumika, ule wa mm. Tuletee taarifa hizo, kwa sababu bila namba tutakuwa tunapapasa gizani.

Chipukizi wa Picha alijibu:

Ahsante sana kwa kunielekeza. Nimezikagua picha 20 za jioni ya juzi. Katika 12, kiti na meza vimetulia isipokuwa mtoto, na mkono wake mmoja una vivuli viwili au vitatu. Katika 6, kilicho dhahiri ni mto wa kochi ulio mbele yake, na yeye amekuwa laini. Zile 2 zilizobaki ni nzuri, nazo nilizipiga alipokuwa ameduwaa akitazama televisheni. Karibu zote zina namba zilezile: 55mm, f/5.6, sekunde 1/10, ISO 400. Lenzi ina kidhibiti cha mtikisiko, nacho kilikuwa kimewashwa.

Mwanga wa Asubuhi alijibu:

Sasa tunaweza kuzungumza kwa uhakika. Kidhibiti cha mtikisiko kimefanya kazi yake, na ndiyo maana kiti kimetulia hata katika 1/10. Lakini kifaa hicho hutuliza mtikisiko wa mikono yako tu, wala hakina uwezo wowote juu ya mtoto anayerukaruka. Mkono unaokwenda kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde husafiri sentimita 10 katika muda wa 1/10, na hivyo ndivyo vivuli unavyoviona. Katika 1/250 mkono huohuo husafiri milimita 4 tu. Kwa mtoto anayecheza, nisingependa ushuke chini ya 1/200.

Swali linalofuata ni mwanga huo utapatikana wapi, kwa kuwa kuharakisha shata kutoka 1/10 hadi 1/200 ni kuupunguza mara 20. Hapa ndipo lenzi yako inapohitaji kueleweka. Imeandikwa f/3.5-5.6 kwa sababu tundu lake hupungua kadiri unavyovuta karibu: ukiwa kwenye 18mm linafunguka hadi f/3.5, lakini ukifika 55mm haliwezi kuvuka f/5.6, na mwanga unaoingia unakuwa chini ya nusu ya ule wa awali. Wanaoanza wengi hubaki wameketi kwenye kochi na kuvuta lenzi hadi mwisho, kumbe wamejinyima mwanga bila kujua. Irudishe kwenye 18mm, usogee wewe mwenyewe na kuinama hadi usawa wa macho ya mtoto. Kwa kufungua tundu hadi f/3.5 utapata mwanga mara mbili na nusu, na ukipandisha ISO kutoka 400 hadi 3200 utapata mara 8 zaidi. Zidisha: mara mbili na nusu kwa 8 ni 20, na hiyo ndiyo 1/200 tuliyokuwa tukiitafuta. Usimkaribie uso wake mno ukiwa kwenye 18mm, kwa maana pua itakuwa kubwa kuliko ilivyo. Mchukue mwili mzima pamoja na vitu anavyochezea.

Najua ISO 3200 itakuogofya, kwa sababu picha itakuwa na chembechembe. Zikubali. Picha yenye chembechembe ambayo macho ya mtoto yanaonekana ni picha, lakini iliyovutwa na mwendo haiokoleki kwa programu yoyote ya kawaida. Tena usifanye kosa la kuiweka ISO chini na kupiga picha yenye giza kwa matumaini ya kuing'arisha baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu mara nyingi chembechembe hutokea palepale, na pengine zikawa mbaya zaidi.

Ikiwa baadaye utanunua lenzi nyingine, fikiria 50mm yenye f/1.8, ambayo karibu kila kampuni ya kamera huitengeneza na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi zake za bei nafuu. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga huongezeka takriban mara 10. Ujue tu kwamba kwenye f/1.8, ukiwa karibu na mtu, eneo lililo dhahiri huwa na kina cha sentimita chache tu, hivyo ukilenga ncha ya pua, macho yanaweza kuwa laini.

Kuhusu zile picha 6 za mto wa kochi, kamera imeachiwa ichague yenyewe mahali pa kulenga, na mara nyingi huchagua kitu kilicho karibu zaidi. Ingia kwenye menyu uchague nukta moja ya fokasi, uiweke juu ya jicho la mtoto, ubonyeze kitufe nusu mpaka fokasi ishike, ndipo umalizie. Mtoto anaposogea bila kutulia, badilisha fokasi iwe ya kuendelea, ile inayoandikwa AF-C au AI Servo kutegemea kampuni, ili kamera iendelee kumfuata wakati wote umebonyeza kitufe nusu.

Dada wa Chumba cha Giza alijibu:

Mwenzangu amelimaliza suala la mtoto, nami naomba nimzungumzie bibi, kwa sababu jambo hili lilinitesa mno nilipokuwa naanza, na ni nadra kuelezwa vizuri kwa watu wenye ngozi kama zetu.

Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakimjui bibi wala pazia. Kinachojua ni kiasi cha mwanga kinachorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele ya lenzi, na kimetengenezwa kwa kudhani kwamba ukichanganya vyote pamoja utapata kijivu cha wastani. Pazia jeupe lenye jua nyuma yake likijaza sehemu kubwa ya picha, kipima huona mwanga umezidi, kikaupunguza hadi pazia likaribie kijivu, na uso wa bibi, ambao tayari uko kivulini, ukazama. Mikunjo ya pazia unayoiona vizuri ndiyo ushahidi wenyewe.

Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho huongeza au kupunguza mwanga wa picha na hufanya kazi katika modi za P, A na S, zile ambazo kamera hupanga baadhi ya namba yenyewe. Kiweke kwenye +1, yaani hatua moja, ambayo ni mwanga mara mbili, piga, tazama, kisha ujaribu +1.7 au hata +2. Pazia litapoteza mikunjo yake na kuwa jeupe tupu, jambo ambalo halina ubaya, kwa kuwa hukuja kulipiga picha pazia. Anza kwa kuutazama uso wa bibi kwenye skrini, wala usiridhike na mwonekano wa picha nzima. Fahamu pia kwamba skrini ya kamera hudanganya kwa ung'avu wake, hasa ukiitazama chumbani penye giza, na kwa hiyo jifunze mapema kusoma histogramu, ile grafu inayoonyesha kiasi cha giza (kushoto) na mwanga (kulia) ndani ya picha: mlima ukisongamana ukutani upande wa kushoto, kuna weusi usio na kitu ndani yake.

Kuna watakaokushauri utumie upimaji wa nukta, yaani kupima mwanga wa sehemu moja ndogo tu, na kuielekeza nukta hiyo usoni. Ushauri huo ni mzuri, ila una mtego. Nukta ikiangukia ngozi nyeusi sana, kamera hujitahidi kuigeuza kijivu cha wastani, na bibi yako anaweza kutoka mweupe kuliko alivyo, ngozi imefifia na kupoteza uzuri wake. Katika hali hiyo hutahitaji kuongeza mwanga, bali kuupunguza kwa theluthi mbili au hatua nzima. Ngozi yetu hupendeza pale mng'ao wa paji la uso na wa mashavu unapobaki, na rangi yenyewe ikabaki na kina chake.

Njia ambayo mimi huipenda kuliko zote haihitaji kitufe chochote. Mwombe bibi akigeuze kiti ili dirisha liwe ubavuni mwake, nawe usimame bega lako likielekea dirishani. Pazia lililokuwa adui litageuka kuwa taa laini yenye upana wa dirisha zima.

Fundi Mstaafu alijibu:

Naongeza mambo mawili kwa ufupi. La kwanza ni kuhusu M. Modi hiyo ni chombo cha hali ambayo mwanga haubadiliki, wala si kipimo cha ukweli wa mpiga picha. Kwa mtoto ningeweka S, ambayo unachagua kasi ya shata tu na katika kamera nyingine huandikwa Tv, nikachagua 1/200 na kuiacha ISO ijichague yenyewe hadi kikomo cha 6400. Kwa bibi aliyeketi ningeweka A au Av, ambayo unachagua tundu la lenzi tu. Yule anayeng'ang'ania M huku akizungusha gurudumu mpaka mshale wa kipima ufike sifuri anafanya kazi ileile ambayo kamera ingeifanya, ila kwa kuchelewa zaidi.

La pili, kwa kuwa kamera yako ilikuwa na mwenyewe kabla yako, chungulia kwenye kitundu cha kutazamia kilicho nyuma ya kamera na uzitazame zile nukta na namba zilizo ndani, si mandhari ya nje. Zikiwa na ukungu, pembeni mwa kitundu hicho kuna kigurudumu kidogo cha kurekebishia macho, na huenda kimeachwa kikiwa kimewekwa kwa macho ya mtu mwingine. Kizungushe taratibu mpaka namba ziwe dhahiri. Hakibadilishi picha inayorekodiwa, lakini kisipowekwa sawa huwezi kujua kwa jicho lako kama fokasi imeshika.

Ukumbuke vilevile kwamba unachokiona ndani ya kitundu ni mwanga ulioletwa na kioo kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo hakikuonyeshi picha itakuwa na giza au mwanga kiasi gani, tofauti na skrini ya simu. Na simu yako ilifaulu usiku kwa sababu simu nyingi za siku hizi hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja kabla hujaiona.

Chipukizi wa Picha alijibu:

Nimerudi kuwapa taarifa baada ya siku nne. Kigurudumu cha kitundu kweli kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, nami nilikuwa nimedhani macho yangu yameanza kuchoka. Jana jioni nilikaa sakafuni pamoja na mpwa wangu, lenzi ikiwa kwenye 18mm, modi ya S, 1/200, nukta moja ya fokasi. Kamera ilichagua ISO kati ya 2500 na 4000. Kati ya picha 30, 17 zimetulia, na katika moja anarusha kigari chake juu na vidole vyote vitano vinahesabika. Chembechembe zipo kwenye kona yenye giza nyuma yake, lakini aliyeziona ni mimi tu.

Kwa bibi nilianza na +1.7 mbele ya pazia, uso ukaonekana, ila rangi ilikuwa imefifia kidogo. Nilipomwomba ageuze kiti, niliirudisha namba kwenye sifuri, na bado shavu la upande wa dirisha lilitoka na mwanga uliozidi, hivyo nikaishusha hadi -0.7. Shavu la upande wa pili limebaki na kivuli kizito. Dada, je, nikiweka shuka jeupe upande huo ili lirudishe mwanga litatosha, au nisogeze kiti mbali na dirisha?

Dada wa Chumba cha Giza alijibu:

Shuka litatosha, mradi liwe karibu naye kiasi cha nusu mita na lisionekane ndani ya picha. Anza nalo kabla ya kusogeza kiti, kisha ulivute mbali kidogo kidogo huku ukitazama kivuli kinavyorudi, na usimame pale ambapo bado unaiona mikunjo ya uso wake.