Daktari Kigoma anayetaka kutafiti magonjwa ya mapafu ya kurithi: aanzie wapi?

Gungu_MD:
Wakuu, salaam. Nimemaliza utarajali, nipo wodi ya watoto hapa Kigoma. Nataka kuwa daktari na mtafiti kwa pamoja, upande wa magonjwa ya mapafu ya kurithi. MMed (shahada ya udaktari bingwa) kwanza au PhD (uzamivu)? Na huku mbali na mashine za kusoma jeni, kazi gani ya maana inawezekana?

KifuaSafi:
MMed kwanza, Dokta. Utafiti huu unasimama juu ya mgonjwa aliyetambuliwa sawasawa. Ukikosea hapo, mashine itakusomea jeni za mtu mwenye ugonjwa mwingine. Tasnifu ya MMed iwe ndiyo data ya awali ya PhD. Wengi huandika tasnifu ya malaria, kisha wanaomba ufadhili wa mapafu, na wakaguzi hawaoni uzi. Mapema kabisa omba barua ya mwajiri inayotaja siku zako za utafiti. Tuzo ya K08 ya Marekani, ufadhili wa madaktari wanaojifunza utafiti, inadai asilimia 75 ya muda wa daktari, kwa sababu wodi humeza kila saa isiyolindwa.

Kazi ya kuanza nayo huko ni sajili ya watoto wenye kikohozi cha makohozi kilichozidi wiki nne. GeneXpert (kipimo cha TB) ikiwa hasi haiondoi TB kwa mtoto, lakini kabla ya kurudia dozi ya TB uliza mambo manne. Alizaliwa miezi imetimia lakini akahangaika kupumua siku ya kwanza? Kikohozi cha makohozi cha kila siku kilianza kabla ya miezi sita? Pua je, imeziba kila siku tangu umri huo? Moyo uko kulia kwenye X-ray? Yakikutana mawili au zaidi, fikiria ugonjwa wa kuzaliwa nao wa silia, yaani vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi nje ya mapafu. Moyo kuwa kushoto hakuuondoi: karibu nusu ya wagonjwa viungo vyao viko mahali pa kawaida.

Maabara_Kitete:
Upande wa sampuli: damu mililita 2 hadi 4, chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, inazuia PCR, njia ya kuzidisha DNA ili isomeke. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Jokofu nyuzi 4, isafiri ndani ya wiki, na weka kadibodi kati ya chupa na vifuko vya barafu, maana damu ikiganda kwa baridi njiani na kuyeyuka, chembe hupasuka na DNA huharibika.

Tone la damu kwenye karatasi ya chujio nalo linafaa. Likauke angalau saa nne kivulini, kisha mfuko wa zipu wenye silika. DNA yake ni chache: inatosha kupima mabadiliko yanayojulikana, lakini kwa eksomu (kusoma sehemu zote za jeni zinazotengeneza protini) leta damu ya chupa, ya mtoto, mama na baba.

Gungu_MD:
Asante sana wakuu. Sistiki faibrosisi je, ule ugonjwa wa kurithi wa makamasi mazito mapafuni, kipimo chake cha jasho kinawezekana huku?

KifuaSafi:
Kinawezekana. Safisha ngozi, pitisha pilokapini (dawa ya kutoa jasho) kwa umeme mdogo dakika 5, kusanya jasho dakika 30, lisipungue mikrolita 15 kwenye koili (kimrija cha kukusanyia). Kloridi 60 mmol/L na zaidi inaashiria ugonjwa, 30 hadi 59 ni ya kati, chini ya 30 si rahisi kuwa ugonjwa huo. Jasho likivukiza, namba inapanda kwa uongo. Utapiamlo mkali nao huipandisha. Mtoto aliyevimba mwili kwa maji, subiri. Aliye kwenye oksijeni ya wazi, usimguse na umeme.

Angalia pia vifaa vya kupima jeni za ugonjwa huu. Vingi vilipangwa kwa Wazungu, vinatafuta badiliko la jeni liitwalo F508del, na vingine vinalikosa lile la 3120+1G>A linaloonekana sana kwa Waafrika. Jeni ya CFTR, ambayo ikiharibika huleta ugonjwa huu, iligunduliwa 1989, na dawa ya ivacaftor ikaidhinishwa 2012 kwa wenye badiliko la G551D, ambao protini iliyo mlango wa chumvi kwenye seli ipo lakini haifunguki. Dawa hiyo haina cha kufungua pale ambapo protini haikutengenezwa, kama kwa wenye 3120+1G>A. Pengo hilo ndilo lenye kazi kwa mtafiti wa huku.

Mama_Selimundu:
Mimi ningeanza na mapafu ya watoto wa selimundu. Wapo wengi, kliniki zipo, na spirometri (kupuliza mashine inayopima nguvu ya mapafu) inafundishika kuanzia miaka sita hivi. Utajifunza sajili, ufuatiliaji na takwimu kwa wagonjwa mamia, wakati ule wa silia unaweza kukupa wachache tu.

Na idhini: kupima mtoto na wazazi kunaweza kuonyesha kwamba baba si mzazi. Fomu iseme mapema kwamba jambo hilo halitatolewa kwa yeyote. Kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kitangulie damu ya kwanza, na sampuli ikivuka mpaka, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa kabla ya kufunga kikasha.