Kaka yangu alifia Kagera kwa jina la pacha wake. Kwenye mnara tuandike lipi?

Mtoto wa Relini
Wakuu salaam. Niko mji mdogo mkoani Tabora, reli ya kwenda Kigoma. Tumechanga tukajenga mnara wa vijana wetu waliokufa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wanajeshi na mgambo. Plasta tayari, limebaki bamba jeusi la majina. Fundi anatoza kwa herufi, na tunataka kuzindua Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Shida iko kwetu. Kaka zangu ni mapacha, Kulwa na Doto. Doto aliishia darasa la tano. Alipotaka jeshi alichukua cheti cha la saba cha Kulwa akaondoka nacho. Huko akaitwa Kulwa, akafa Kulwa, na barua ya msiba ilisema Kulwa. Mwenye jina yupo hai, analima tumbaku. Mwenyekiti wa kamati kashikilia: "Tunafuata karatasi ya jeshi." Jana fundi alianza kuchora kwa chaki, Kulwa akapita na baiskeli, akashuka, akafuta jina kwa kiganja. Hakusema neno, akapanda akaenda zake.

Nifanyeje?

Binti Ujiji
Hiyo ya kiganja imenikaa moyoni. Andikeni "Doto, jeshini Kulwa". Herufi zikizidi tuchangie humu humu.

Kombati Kuukuu
Mimi nilivuka Mutukula, mpakani na Uganda. Vyeti vya ndugu vilikuwepo, tusidanganyane. Kitu chako hasa kilikuwa namba. Weka Doto na namba yake ya jeshi, atakayetaka kuhakiki atahakiki. Na kama kwenye makaburi ya jeshi ya Kaboya kule Muleba kuna kaburi lenye jina la Kulwa, msiligombanie, hilo ni la jeshi. Mnara ni wa nyumbani.

Mpiga Hesabu
Swali la uchokozi: mafao yalilipwa kwa jina gani? Mkishachonga kwenye jiwe msije mkaitwa mahali.

Mtoto wa Relini
Alilipwa mama, na huyo ni mama wa wote wawili. Aliyeumia ni Kulwa. Cheti hakikurudi, kila penye ajira akaambiwa alete cheti. Ndiyo hiyo tumbaku.

Binti Ujiji
Kumbe alishatoa jina mara moja, mnataka atoe tena!

Mjukuu wa Mpagazi
Kwetu babu mkuu alibebeshwa mizigo vita ya kwanza, ile ambayo Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Hakurudi. Nimesimama chini ya Mnara wa Askari pale Dar, wa 1927. Wapagazi wametajwa, ila kwa jumla tu, jina hata moja hamna. Nyie jina mnalo, halafu mnataka kuandika la mtu mwingine?

Mtoto wa Relini
Mrejesho. Kombati Kuukuu, shikamoo mzee, namba tumeipata kwenye ile ile barua. Nilimpeleka mwenyekiti kwa mama. Akaisoma yote kwa sauti, mpaka muhuri. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Baba, Kulwa kanywa uji hapa asubuhi." Mwenyekiti akakunja karatasi yake.

Doto anachongwa kesho. Tatizo lililobaki, fundi anataka alipwe na zile herufi za chaki.