Naomba ushauri: myuteksi ya kerneli yangu inaacha mchakato umelala bila kuamka

Mwanzisha uzi

Habari zenu wanajukwaa. Ninajenga kerneli (sehemu kuu ya mfumo endeshi) ndogo ya kujifunzia kwa ajili ya prosesa za aina ya RISC-V, nikifuata mpangilio wa xv6, ule mfumo endeshi wa kufundishia uliotengenezwa MIT, na ninaijaribu ndani ya QEMU, programu ya kuiga kompyuta. Kufuli la kuzunguka, yaani lile ambalo kiini cha prosesa hulijaribu tena na tena bila kupumzika hadi kilipate, linafanya kazi vizuri. Sasa nimeongeza myuteksi, yaani kufuli ambalo mchakato (programu inayoendeshwa) hulisubiri ukiwa umelala, ya kulinda bafa za diski, zile sehemu za kumbukumbu zinazotunza data ya diski kwa muda, kwa sababu kusoma diski huchukua muda mrefu na si vyema kiini kizima kizunguke bure ilhali ipo michakato mingine inayosubiri zamu.

Ndani ya myuteksi kuna alama ya kuonyesha kama imeshikwa, foleni ya wanaosubiri, na kufuli dogo la kuzunguka linalolinda hivyo viwili. Mchakato ukikuta myuteksi imeshikwa, hufanya hivi:

    ingia_foleni(&m->foleni, mimi);
    fungua(&m->mlinzi);
    mimi->hali = UMELALA;
    badili_mchakato();

Kwa kiini kimoja sijaona tatizo. Kwa viini vinne, mchakato mmoja hulala na hauamki tena, ingawa myuteksi yenyewe iko wazi, na nikiweka mstari wa kuchapisha ujumbe katikati, tatizo hutoweka. Naomba mnielekeze ni mpangilio gani ulio sahihi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, tazama kwa makini nafasi iliyopo kati ya mstari wa pili na wa tatu. Tuseme mchakato A umemaliza kufungua mlinzi lakini bado haujaandika hali yake. Wakati huohuo, kwenye kiini kingine, mwenye myuteksi anaiachia, anautoa A kwenye foleni na kuandika kwamba hali yake ni TAYARI. Kisha A unaendelea, unaandika UMELALA juu ya ile TAYARI, na kuachia kiini. Sasa haumo tena kwenye foleni, kwa hiyo hakuna atakayeukumbuka. Mwamsho umepotea. Mstari wa kuchapisha hubadilisha tu mwendo wa matukio, na kiini kimoja hakikuondolei hatari hiyo, kwani intarapti ya taima, yaani ishara ya saa inayokatiza kazi ya kiini, ikiangukia hapohapo matokeo yatakuwa yaleyale.

Usidhani kwamba kubadilishana mistari hiyo miwili kutatosha. Ukiandika UMELALA kabla ya kufungua mlinzi, mwamshaji anaweza kuuweka A TAYARI, na kipangaji (sehemu ya kerneli inayochagua mchakato wa kuendeshwa) cha kiini cha tatu kikauchukua na kuanza kuuendesha ilhali bado unatumia staki yake, yaani kumbukumbu ya kazi zake za sasa, kwenye kiini cha kwanza. Viini viwili juu ya staki moja ni balaa kubwa kuliko hilo ulilonalo, kwa sababu kerneli huharibika mahali pasipohusiana kabisa na myuteksi.

Dawa ni kuupa kila mchakato kufuli lake la kuzunguka, ambalo mwamshaji pia analazimika kulishika kabla ya kugusa hali ya mchakato huo:

    ingia_foleni(&m->foleni, mimi);
    funga(&mimi->kufuli);
    fungua(&m->mlinzi);
    mimi->hali = UMELALA;
    badili_mchakato();
    fungua(&mimi->kufuli);

Kufuli la mchakato hubaki limefungwa wakati wa kubadilisha, na kipangaji ndicho hulifungua baada ya rejista zote (thamani zilizo ndani ya kiini) kuhifadhiwa. Ndivyo xv6 inavyofanya, na mwanzoni inashangaza kuona kufuli linafungwa na mmoja na kufunguliwa na mwingine, lakini uzima wote wa mpango huu uko hapo. Ukishaamka, funga mlinzi tena na ukague alama kwa kitanzi cha while, wala si if, kwa kuwa mchakato mwingine unaweza kuwa umekutangulia.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, na ninaongeza sharti moja: anayeshika kufuli la kuzunguka azime intarapti za kiini chake kwanza, na aweke hesabu ya makufuli anayoshikilia ili intarapti ziwashwe tu anapoachia la mwisho. La sivyo, intarapti ikiingia na kutaka kufuli lilelile, kiini kitajisubiri chenyewe milele. Hakikisha vilevile kwamba unalichukua kufuli kwa amoswap (amri ya prosesa inayobadilishana thamani na kumbukumbu kwa hatua moja isiyokatizwa) yenye alama ya aq, ya kuchukua, na kuliachia kwa yenye rl, ya kuachia, maana RISC-V inaruhusu maandishi ya kumbukumbu yaonekane kwa viini vingine kwa mpangilio tofauti na ulioandika.

Mchangiaji wa tatu

Mtu akikushauri uige myuteksi ya Linux, iliyoingia toleo la 2.6.16 mwaka 2006, subiri kwanza. Siku hizi anayesubiri huko huzunguka kidogo maadamu mwenye kufuli bado anaendeshwa kwenye kiini kingine, na hulala baadaye. Ni mbinu nzuri, lakini kwa bafa za diski haitakufaidia sana. Kurithisha kipaumbele, yaani kumpa mwenye kufuli kipaumbele cha anayemsubiri, ni suala jingine. Chombo cha anga cha Mars Pathfinder kilijiwasha upya mara kwa mara mwaka 1997 kwa sababu kazi ya kipaumbele cha chini ilishika myuteksi iliyohitajiwa na kazi ya juu, huku kazi za kati zikiizuia ile ya chini isimalize. Kama kipangaji chako kinagawa zamu sawa kwa wote, liache hilo kwa sasa.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana. Nimeandika upya kama nilivyoelekezwa na viini vinne vinaendelea bila kukwama. Limebaki swali moja: diski ikimaliza kusoma, intarapti yake inapaswa kuichukua myuteksi ya bafa ili iweke alama kwamba data imefika?

Mchangiaji wa pili

Hapana. Anayeshughulikia intarapti hana mchakato wake wa kulaza. Akilala, ataulaza mchakato usiohusika ambao aliukatiza. Mchakato ulioomba kusoma ndio unaoishikilia myuteksi ya bafa muda wote huo, na unalala ukisubiri diski. Draiva, yaani sehemu ya kerneli inayoendesha diski, iwe na kufuli lake la kuzunguka: intarapti ilishike, iweke alama, iuamshe mchakato huo, na iliachie.