Re: Vidonge vya homa kwenye bahasha isiyo na jina

Kutoka: Mgeni wa Ntinda

Habarini za jioni ndugu zangu. Tumehamia Kampala juzijuzi kutoka Mwanza. Mume wangu ana homa tangu jana. Duka la dawa wamempa vidonge vyeupe kwenye kibahasha, juu wameandika 2×3 basi. Nyumbani nina Panadol Extra, na jirani kaniletea kapsuli za mafua. Nimpe vyote? Mtoto naye, kilo 12, ameanza kuchemka.

Kutoka: Muuguzi, Kansanga

Pole sana, dada. Usimpe vyote. Rudi dukani na hiyo bahasha, waandike jina la dawa na miligramu zake. Wakikujibu "ni za homa tu", usiondoke.

Nahisi ni parasetamoli ya miligramu 500. Panadol Extra nayo ni parasetamoli 500 ikiongezwa kafeini 65, na kapsuli nyingi za mafua zimetiwa hiyo hiyo. Kwa hiyo mgonjwa anameza dawa moja kwa majina matatu, na ini ndilo linalolipa. Mtu mzima ni kidonge kimoja au viwili vya 500, apishe angalau saa nne, na visizidi vinane kwa saa 24, ukihesabu kila chenye parasetamoli. Kama ana ugonjwa wa ini, ni mwembamba sana au waragi, ile pombe kali ya hapa, ni ya kila siku, amuulize mfamasia kwanza, maana kiwango chake huwa kidogo zaidi.

Aliyezidisha anaweza kujisikia mzima siku nzima huku ini linaharibika. Asingoje macho yawe ya njano, aende hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ya kuliokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu azidishe.

Mtoto usimkatie kidonge cha baba yake. Tumia ya maji, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani 120 hadi 180 kwa wako, isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa: ikiandikwa 120 kwa mililita 5, basi mililita 5 zinamtosha. Lakini zipo za 250 kwa mililita 5, na kipimo hicho hicho kingemzidia. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini asipewe kabisa, wala mtoto yeyote chini ya miaka 16.

Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa zinauzwa kama njugu, ziache mpaka ujue homa ni ya nini. Zinachokoza vidonda vya tumbo, zinaumiza figo, na kwenye homa za kutokwa damu zinaongeza hatari. Uganda imepata Ebola, mojawapo ya homa hizo, 2022 na tena 2025, sisemi hivi kukutisha.

Na wapimwe malaria wote wawili leo. Panadol inashusha joto, vijidudu haivigusi. Mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya na kunywa, ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Kutoka: Mkenya wa Bweyogerere

Naongeza tu: nunua karatasi nzima, hata kama ni ya vidonge kumi na unataka vinne. Ina jina, nguvu na tarehe ya kuisha. Bahasha haina hata kimoja.

Kutoka: Mgeni wa Ntinda

Asanteni sana. Kweli ilikuwa parasetamoli 500, kapsuli nimemrudishia jirani. Baba hana malaria, mtoto anayo. Amepewa Coartem.

Kutoka: Muuguzi, Kansanga

Kwa kilo zake ni kidonge kimoja asubuhi na jioni kwa siku tatu, ila cha pili ni saa nane baada ya cha kwanza. Mpe na maziwa au uji wenye mafuta kidogo. Akikitapika kabla ya saa moja kupita, rudia, kisha urudi kliniki wakuongezee cha kufidia. Amalize vyote hata akianza kucheza kesho.